Upasuaji ni wa Saa Chache, Uuguzi ni wa Wiki Sita

Mazungumzo kwa wakazi wa Kisiwa cha Mombasa na Mji wa Kale kuhusu utunzaji wa mbwa aliyepasuliwa mgongo



Mazungumzo haya yanamhusu mbwa aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo kisha akarudishwa nyumbani. Huenda mtu akauliza: katika mji wenye shida ya maji, taka na kodi za nyumba, mbwa naye ana nini hata azungumziwe? Jibu liko mlangoni. Yako maduka na maghala Kisiwani yanayolindwa usiku na mbwa. Ziko nyumba za Kizingo, Tudor na Ganjoni zenye mbwa getini, na ziko familia zenye mbwa mdogo anayelala sebuleni. Mnyama huyo akipooza miguu, mzigo humwangukia mtu mmoja wa nyumba ile, ambaye pengine hajawahi kufundishwa la kufanya. Tena Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za mifugo, udhibiti na ustawi wa wanyama, na utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo jambo hili si la mtu na mbwa wake peke yao.

Neno kubwa la leo ni moja. Daktari humaliza kazi yake kwa saa chache. Zinazobaki ni wiki nne hadi sita za uuguzi, na wiki hizo ziko mikononi mwa mwenye mbwa. Upasuaji mzuri unaweza kuharibiwa na ngazi moja, baraza moja, au kibofu kilichosahauliwa usiku mmoja.

Kilichoharibika mgongoni

Mgongo wa mbwa umejengwa kwa pingili za mifupa. Kati ya pingili na pingili pana kisahani, kigumu pembezoni na laini katikati, ambacho hupunguza mshindo mbwa anaporuka. Juu ya visahani hivyo, ndani ya mfereji wa mifupa, hupita mshipa mkuu wa fahamu, unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi miguuni, kwenye mkia na kwenye kibofu. Kisahani kikikauka kisha kikapasuka, kiini chake hutoka na kuubana mshipa huo. Mbwa aliyekuwa akikimbia asubuhi anaweza kuwa anaburura miguu ya nyuma jioni.

Maradhi haya huwapata zaidi mbwa wenye mwili mrefu na miguu mifupi kama Dachshund, pia Pekingese, Shih Tzu na Beagle, mara nyingi wakiwa na umri wa kati ya miaka 3 na 7. Mbwa wakubwa nao hupata aina nyingine, ambayo huja polepole uzeeni. Aina hizi mbili zilielezwa na mtaalamu wa Sweden, Hans-Jörgen Hansen, katika miaka ya 1950, na madaktari wanazitumia hadi leo. Mahali panapoumia zaidi ni pale mbavu zinapoishia na kiuno kinapoanzia.

Mbwa wetu wa kienyeji huumia mgongo zaidi kwa kugongwa na gari, pikipiki au tuktuk, au kwa kupigwa. Hapo kinachovunjika huwa ni mfupa wenyewe. Matibabu yake ni tofauti, lakini uuguzi wa nyumbani unafanana sana na huu unaoelezwa hapa.

Kwanza, je, ni mgongo kweli?

Kabla ya lolote, lipo onyo moja ambalo mkazi wa pwani hafai kulipuuza. Si kila mbwa anayelegea miguu ana ugonjwa wa mgongo. Kichaa cha mbwa kina sura mbili. Moja ni ile inayojulikana, ya mbwa mkali anayeuma ovyo. Ya pili ni ya kimya: mbwa hulegea miguu, taya hushuka, mate humtoka, sauti hubadilika, na kumeza humshinda. Mtu mwenye huruma hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono kinywani, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mbwa aliyepooza ghafla na hana chanjo, au aliumwa na mbwa asiyejulikana, asishikwe kinywa wala mate yake. Afungiwe mahali pamoja, watoto waondolewe, na ofisa wa mifugo aitwe. Mtu aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo bila kungoja dalili, kwa maana dalili zikishatokea kwa binadamu, ugonjwa huu huua. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na njia yake kuu ni chanjo ya mbwa. Mwenye cheti cha chanjo humpa daktari nafasi ya kufikiria mgongo mapema, na hujipunguzia hofu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka kliniki

Upasuaji wa mgongo hufanywa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, tena mwenye vifaa vya kupiga picha ya mgongo. Si kila kliniki inavyo, na daktari wa karibu ndiye anayejua pa kumwelekeza mgonjwa. Akihamishwa, mbwa alazwe juu ya ubao ulionyooka na afungwe kwa leso mbili, moja kifuani na moja kiunoni, ili mgongo usipinde tuktuk inaporuka mashimo. Mbwa mwenye maumivu makali anaweza kumuuma hata bwana wake, kwa hiyo kichwa chake kishikwe kwa tahadhari.

Swali la kwanza la kumuuliza daktari ni hili: je, miguu bado inahisi maumivu ya ndani? Daktari hubana kidole cha mguu kwa nguvu. Mwenye mbwa akiona mguu unavutwa hufurahi, lakini mguu kuvutwa pekee si dalili ya kuhisi, kwani huo ni mwitikio wa mshipa usiofika kichwani. Mbwa anayehisi hugeuza kichwa, hulia, au hutaka kuuma. Tofauti hiyo ni kubwa. Kati ya mbwa waliopooza lakini bado wanahisi, karibu 9 katika kila 10 hutembea tena baada ya upasuaji. Waliopoteza hisia hiyo kabisa, wanaotembea tena ni karibu nusu yao, na huchukua muda mrefu. Mwenye mbwa ana haki ya kuelezwa hayo kabla ya kulipa.

La pili, aonyeshwe kwa mikono jinsi ya kukamua kibofu, naye afanye mwenyewe mbele ya daktari. La tatu, aandikiwe dawa, saa zake na siku ya mwisho. La nne, aambiwe siku ya kutoa nyuzi, ambayo mara nyingi ni kati ya siku ya 10 na ya 14.

Chumba cha mgonjwa

Mbwa hajui kwamba amepasuliwa. Maumivu yakipungua, hutaka kuruka. Ndiyo sababu dawa ya kwanza nyumbani ni kizimba: mahali padogo anapoweza kugeuka na kulala bila kujikunja, lakini hawezi kukimbia wala kuruka. Atoke tu kwa haja na mazoezi, akishikwa. Kizimba cha mbao kilichotengenezwa na fundi wa mtaani kinatosha, mradi kisiwe na misumari iliyochomoza wala mwanya wa kunasa mguu.

Nyumba za Mji wa Kale zina mitihani yake. Ngazi ni nyembamba na zimesimama, sakafu ya simiti iliyosuguliwa huteleza, na baraza la nje ni mwaliko kwa mbwa aliyezoea kulirukia. Mgonjwa akae chini, asipandishwe orofani. Kama familia inaishi juu, abebwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako, mgongo ukiwa umenyooka. Asiinuliwe kwa kwapa za mbele huku kiuno kikining'inia. Pale anaposimamishwa patandikwe mkeka wa mpira au jamvi lisiloteleza. Ukanda wa shingoni uwekwe kando, atumie ule unaozunguka kifua.

Joto nalo ni ugonjwa wa pili. Mbwa mzima hujihamisha kivulini, mgonjwa hawezi. Wakati wa kaskazi, kizimba kisielekee dirisha la jua la alasiri, na kisiwe chini ya paa la mabati. Pangaboi iwe karibu, na bakuli zito la maji liwe pale anapofikia bila kujivuta.

Kibofu hakingoji

Hapa ndipo mbwa wengi huharibikiwa bila wenyewe kujua. Mshipa uliobanwa unaweza kuwa haupeleki tena amri ya kukojoa. Kibofu hujaa, hujivuta kupita kiasi, na mkojo uliolala humo huzaa maambukizo yanayoweza kupanda hadi figo. Mwenye mbwa huona godoro limelowa, akasema, "Alhamdulillahi, anakojoa." Lakini kulowa kule kunaweza kuwa ni kufurika, kama pipa lililojaa likamwagika ukingoni huku lingali limejaa. Dawa ya shaka ni mkono: tumbo la nyuma lipapaswe kwa upole. Kikihisiwa kitu cha mviringo kilichokaza, kibofu hakijatoka.

Kibofu hukamuliwa kila baada ya saa 6 hadi 8. Kwa nyumba ya Kisiwani, njia rahisi ya kukumbuka ni kufuata saa zinazojulikana: alfajiri, adhuhuri, magharibi, na saa tano za usiku kabla ya kulala. Viganja viwili huwekwa pande mbili za tumbo mbele ya miguu ya nyuma, hubana polepole na kushikilia hadi mkojo uishe. Nguvu za ghafla hazitakiwi. Kibofu kikikataa kabisa, mwenye mbwa asishindane nacho, bali arudi kwa daktari siku hiyo, kwa sababu kuna dawa ya kulegeza mlango wake. Vivyo hivyo mkojo ukiwa na damu, ukungu au harufu kali.

Daftari dogo karibu na kizimba lina faida kubwa. Liandikwe saa, mkojo, choo, chakula na dawa. Kaka akiondoka kwenda kazini, dada ajue pa kuanzia.

Ngozi, nzi na maji

Mbwa asiyejigeuza hupata vidonda vya malazi, hasa nyongani, viwikoni na vifundoni. Ageuzwe ubavu kila baada ya saa 4 hadi 6, alale juu ya godoro la sponji lililofunikwa nailoni na juu yake shuka linalobadilishwa. Mahali palipolowa mkojo poshwe, pakaushwe, na manyoya marefu ya nyuma yapunguzwe.

Katika hewa ya joto na unyevu ya pwani, uchafu wa nusu siku ni mwaliko kwa nzi. Nzi wakitaga kwenye ngozi iliyolowa au kwenye jeraha, mabuu hutokea haraka na hula nyama iliyo hai. Kwa hiyo mbwa akaguliwe asubuhi na jioni, chini ya mkia na mapajani, na kizimba kifunikwe chandarua.

Kazi hii inataka maji, na kila anayenunua maji ya mtungi kwa mwenye mkokoteni anajua thamani yake. Maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kuoshea sakafu. Ngozi ya mgonjwa isuzwe na maji matamu kiasi kidogo kwa kitambaa, na jeraha la upasuaji libaki kavu mpaka nyuzi zitolewe. Likivimba, likiwa jekundu au likitoa usaha, daktari aone.

Leso, mazoezi na wiki ya tatu

Chombo bora cha kumsaidia mbwa kusimama kimo katika kila nyumba ya Mombasa, nacho ni leso. Hukunjwa mara mbili kwa urefu, hupitishwa chini ya tumbo mbele ya mapaja, na ncha zake mbili hushikwa juu ya kiuno. Leso hubeba uzito wa nyuma huku miguu ya mbele ikitembea. Kwa mbwa dume, isifunike mahali pa kukojolea.

Daktari akiruhusu, mazoezi huanza akiwa amelala ubavu. Kila kiungo cha mguu wa nyuma, kuanzia vidole hadi nyonga, hukunjwa na kunyooshwa polepole mara 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Hakuna kulazimisha wala kuvuta. Kisha husimamishwa kwa leso dakika chache, nyayo zikiwa zimekaa sawa. Wengi huuliza kuhusu bahari. Maji hupunguza uzito na huimarisha misuli, lakini si kabla ya jeraha kufunga na daktari kukubali. Hata hapo ni kwenye maji yaliyotulia, mtu akimshika tumboni muda wote, kisha asuzwe chumvi na akaushwe.

Wiki ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu ndiyo ya furaha. Mbwa anatikisa mkia, anasimama, anapiga hatua tano. Watoto wanashangilia, na mtu anasema, "Basi amepona, mfungulieni." Jeraha la juu limefunga, lakini ndani bado kunajiunga, na misuli iliyosinyaa haijaweza kuulinda mgongo. Kuruka kochi mara moja kunaweza kumrudisha mwanzo. Kizimba kifunguliwe kwa amri ya daktari, si kwa furaha ya nyumba. Subira huvuta heri.

Dawa na chakula

Dawa za maumivu za binadamu zisitumiwe kabisa. Ibuprofen na diclofenac, zinazopatikana kwa urahisi madukani, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake, na hata paracetamol yaweza kumdhuru. Dawa mbili za kupunguza uvimbe zisichanganywe bila daktari kujua. Choo kikiwa cheusi kama lami, au mbwa akitapika damu, dawa isimamishwe na daktari apigiwe simu mara moja.

Chakula kipunguzwe kidogo, kwa kuwa mbwa aliyelala huku akila kama mlinzi wa usiku hunenepa, na kila kilo huukandamiza mgongo. Sima kiasi, samaki asiye na miiba au nyama isiyo na mfupa, na boga la kulainisha choo vinafaa. Mabaki ya pilau na mchuzi wenye vitunguu asipewe, kitunguu ni sumu kwake.

Suala la najisi

Wako wakazi wanaofuga mbwa wa ulinzi huku wakiogopa kumgusa anapougua. Jambo hili lisemwe waziwazi bila kejeli. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hiyo ni sheria ya tohara. Haikuondoa ruhusa ya kufuga mbwa wa ulinzi, wala haikuondoa huruma. Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji na kumnywesha mbwa mwenye kiu, kisha akasamehewa dhambi zake, inajulikana katika kila madrasa ya Mji huu.

Njia ya vitendo ipo: glovu za mpira, nguo moja ya kazi hiyo tu, kizimba uani mbali na chumba cha kuswalia, na vyombo vya mbwa visivyochanganywa na vya nyumbani. Mwenye swali amuulize sheikh wake. Glovu na sabuni zinamfaa pia asiye Mwislamu, maana mkojo na kinyesi cha mgonjwa si vya kushikwa kwa mikono mitupu.

Miguu isiporudi

Si kila mbwa atatembea. Baada ya wiki kadhaa, daktari na mwenye mbwa hukaa wakaulizana. Kama mnyama anakula, anachangamka na hana maumivu, yuko anayeweza kuishi vizuri kwa mkokoteni mdogo wa magurudumu mawili unaobeba kiuno, ambao fundi wa jua kali anaweza kuuunda akipewa vipimo na daktari. Atumie kwa vipindi vifupi, atolewe apumzike, na kibofu chake kiendelee kukamuliwa maisha yake yote.

Lakini kama maumivu hayaishi, vidonda havifungi, na nyumbani hakuna mtu wa kumkamua wala kumgeuza, kumlaza kwa sindano ya daktari si ukatili. Ukatili ni kumtupa jaani, au kumwacha aoze uani kwa sababu hakuna aliyetaka kusema neno. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inahesabu kuwa ni kosa kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Asiyeweza gharama za upasuaji naye asijifiche. Mbwa ambaye bado anatembea, japo anayumba, mara nyingi hupata nafuu kwa kizimba na dawa pekee chini ya uangalizi wa daktari, lakini akicheleweshwa mpaka apoteze hisia, nafasi hiyo hupungua.

Ndugu wakazi, mbwa aliyelinda geti miaka mitano hawezi kusema kwamba kibofu kimejaa au kwamba ubavu mmoja umechoka. Yupo mtu mmoja tu anayeweza kujua, naye ni yule anayepapasa tumbo lake alfajiri kabla mji haujaamka. Akifanya hivyo kwa wiki sita, atakuwa amefanya nusu ya kazi ya daktari.